Kuunganisha mipigo katika caoshu: mwongozo kamili wa mwandiko wa Kichina wa kuunganisha

Anayeanza caoshu (tamka tsao-shu) huona nyuzi nyembamba zikiruka kutoka mpigo hadi mpigo, akadhani sanaa yenyewe imo ndani ya nyuzi hizo. Basi huzichora. Kila penye upenyo hutia uzi, na karatasi ikijaa hufanana na wavu uliotatizika. Mwalimu akiitazama, jambo la kwanza atakalosema ni kwamba viungo vimekuwa vinene kuliko mipigo.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameizoea brashi na anaweza kuandika herufi mia mbili tatu kwa kaishu, yaani ule mwandiko sanifu unaoandikwa mpigo mmoja mmoja. Kama hujafika hapo, kaa na kaishu miezi kadhaa kwanza. Kati ya kaishu na caoshu upo xingshu (tamka shing-shu), ambamo baadhi ya mipigo hushikana lakini herufi inabaki na umbo lake linalotambulika. Tutapita humo kuelekea caoshu, kwa sababu mkono hufanya kazi ileile katika miandiko yote miwili.

Mfupa na uzi

Caoshu ina viungo vya aina mbili, na karibu kila tatizo la mwanafunzi hutokana na kuvichanganya. Cha kwanza nitakiita mfupa. Ni mzunguko au mstari uliochukua nafasi ya mipigo kadhaa ya kaishu, na ukiuondoa herufi haisomeki. Cha pili nitakiita uzi. Ni alama ya njia ambayo ncha ya brashi ilipita ikitoka mwisho wa mpigo mmoja kwenda mwanzo wa mwingine, na ukiufuta herufi inabaki ileile.

Mfupa unaujua tayari kama umesoma Kichina kilichorahisishwa. Mpango wa serikali ya China wa mwaka 1956 ulichukua maumbo kadhaa ya caoshu na kuyanyoosha yawe mipigo ya kawaida: 書 ikawa 书, 東 ikawa 东, 車 ikawa 车, 馬 ikawa 马. Itazame hiyo ya mwisho. Nukta nne za chini ya 馬 zimegeuka mstari mmoja wa mlalo. Mstari huo haukuwekwa ili kuzishikanisha nukta. Ndio nukta zenyewe, na kwa hiyo huandikwa kwa uzito kamili wa mpigo.

Uzi utauona ukiandika 三 kwa xingshu. Mpigo wa kwanza unaishia kulia, wa pili unaanzia kushoto chini yake. Lazima brashi irudi. Ikirudi hewani, karatasi haioni kitu. Ncha ikigusa kidogo njiani, unapata uzi. Hata usipogusa, 三 ni 三.

Wakongwe waliliona hili mapema. Sun Guoting wa enzi ya Tang, katika Shupu, risala yake juu ya sanaa ya mwandiko aliyoiandika kwa caoshu mwaka 687, alisema kwamba katika kaishu nukta na mipigo ndiyo umbo na mizunguko ndiyo hisia, lakini katika caoshu mambo hupinduka: mizunguko ndiyo umbo. Akaongeza kuwa caoshu iliyokosea mizunguko haiwi herufi tena. Hapo anazungumzia mifupa. Karne tano hivi baadaye, Jiang Kui wa enzi ya Song ya Kusini akazungumzia nyuzi: alipochunguza maandishi ya kale alikuta kwamba penye mpigo brashi ni nzito, na pasipo na mpigo, pale ilipojivuta tu kupita, brashi ni nyepesi. Ukiwasoma hawa wawili pamoja unapata kanuni nzima.

Msomaji aliyepitia chuoni na kuzoea hati za Kiarabu atapata shida ya pekee hapa. Katika hati ile kuunganisha ni sheria ya alfabeti. Be hushikana na inayofuata. Alifu, dali, re na wau hazishikani na inayofuata, na mwandishi hana hiari. Kwenye Kichina sheria inaifunga mifupa peke yake. Uzi una uhuru, na mwandishi yuleyule huutia hapa na kuuacha pale. Katika utangulizi wa mashairi ya Lanting wa Wang Xizhi, bingwa mashuhuri wa mwandiko wa Kichina, ulioandikwa mwaka 353 kwa xingshu, herufi 之 inatokea mara 20 hivi, na inasifiwa hadi leo kwa sababu hakuna mbili zinazolingana.

Vifaa, kwa ufupi

Chukua brashi ya nywele mchanganyiko, za mbuzi na za kicheche, yenye nywele za urefu wa sentimita 4 hivi. Nywele za mbuzi tupu ni laini mno kwa anayeanza. Ukishakandamiza hazinyanyuki zenyewe, na kiungo kinahitaji ncha inayorudi kusimama mara moja. Karatasi ya Xuan (karatasi ya jadi ya Kichina ya kuandikia kwa brashi) ikiwa mbichi, yaani haijatiwa dawa ya kuzuia wino usisambae, hufyonza wino kwa pupa na kuuvimbisha uzi. Tafuta iliyotiwa dawa nusu, au karatasi ya manjano ya mianzi wanayofanyia mazoezi, ambayo ni rahisi zaidi. Kama uko mbali na duka lolote la vifaa hivi, agiza kitambaa cha kuandikia kwa maji: unachovya brashi katika maji, maandishi yanatokea meusi, yakikauka yanapotea. Kinafaa kwa mazoezi ya mwendo, ila hakikufundishi wino.

Andika ukiwa umesimama kama meza inaruhusu, kiwiko kikiwa hewani. Mkono ulioegemea mezani unazunguka kwa vidole tu, na mzunguko wa vidole ni mdogo na wenye kona mahali pasipotakiwa kona. Herufi ziwe na ukubwa wa sentimita 7 hivi. Ndogo zaidi ya hapo huficha makosa.

Hatua ya kwanza: safari ya hewani

Chagua herufi unayoimudu kwa kaishu. Iandike polepole, na kila unapomaliza mpigo usiipandishe brashi juu na kuisimamisha. Ipeleke moja kwa moja, sentimita moja juu ya karatasi, hadi mwanzo wa mpigo unaofuata, kisha ishushe. Usiruhusu ncha iguse. Fanya hivyo hadi njia ya hewani iwe ileile kila mara.

Zoezi hili linachosha, na wengi huliruka. Lakini ndilo linaloamua kama uzi wako utakuwa na maana, kwa sababu uzi mzuri ni safari hii ya hewani iliyoshushwa milimita chache. Mtu asiye na njia hewani hubuni njia kwenye karatasi, na jicho lililozoea huona mara moja kwamba uzi umetoka mahali ambapo brashi isingekuwepo.

Zingatia hasa namna mpigo unavyoisha. Mi Fu, bwana wa xingshu wa enzi ya Song, ana maneno mafupi yanayonukuliwa sana: hakuna mpigo unaoshuka usiojikunja, wala unaokwenda usiorudi. Kwa mkono maana yake ni hii: unapofika mwisho wa mpigo, kandamiza kidogo, nyanyua, na ncha ianze kuelekea kule inakokwenda kabla haijaiacha karatasi. Mwisho wa mpigo hubeba mwelekeo wa kiungo. Ndiyo maana hata pasipo uzi wowote, mipigo miwili inaweza kuonekana imeunganishwa. Nukta mbili za chini ya 六 ni mfano mzuri: ya kushoto huishia kwa kurushwa juu kulia, ya kulia huanza kwa kuupokea mrusho huo. Katikati hamna wino, na bado zinashikana.

Hatua ya pili: kuinua na kukandamiza

Chora mstari wa mlalo wenye urefu wa sentimita 20, bila kuitoa brashi kwenye karatasi, ukibadilisha uzito njia nzima. Sehemu nzito, lala hadi theluthi moja ya nywele. Sehemu nyepesi, baki na ncha tupu. Nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Mabadiliko yatokane na mkono mzima kupanda na kushuka, si vidole kusukuma. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mstari wa wima.

Ukishaweza, chora mizunguko mfululizo kama springi ya chuma iliyolazwa, kwanza kwa mwelekeo wa saa, kisha kinyume chake. Kila mzunguko uwe mzito upande mmoja na mwembamba kama unywele upande wa pili. Mwelekeo mmoja utakuwa mgumu kwako kuliko mwingine, na huo ndio wa kufanyia kazi. Caoshu inahitaji yote miwili ndani ya herufi moja. Katika 三 yenyewe, ncha inageuka kwa mwelekeo wa saa upande wa kulia na kinyume cha saa upande wa kushoto.

Angalia ncha wakati unageuka. Inatakiwa ipite katikati ya mstari, nywele zikijikunja sawa pande zote. Ukiona upande mmoja wa mstari ni laini na mwingine una miiba, nywele zimelala ubavu. Kabla ya kuendelea, nyanyua hadi ncha isimame, ndipo ugeuke. Wanaokosea hugeuka kwanza halafu wakanyanyua, na hapo nywele zinasokotana.

Hatua ya tatu: herufi tatu kwa karibu

Anza na 三. Mpigo wa kwanza ni mfupi. Ukifika kulia, kandamiza kidogo, nyanyua, na uivute ncha chini kushoto. Uzi unakuwa mwembamba zaidi katikati ya safari. Ukifika kushoto, ncha inatua na lazima igeuke kwenda kulia. Una hiari mbili hapa: kusimama kidogo na kuvunja mwelekeo, upate kona, au kupita bila kusimama, upate mviringo. Kwa 三 ya kwanza kabisa tumia kona upande wa kushoto, kwa sababu kona inakulazimisha uutenganishe uzi na mpigo. Mpigo wa tatu ni mrefu na unabeba herufi nzima. Ukimaliza, pima kwa jicho: mipigo mitatu inatakiwa isomeke kutoka mbali, na nyuzi mbili zionekane unaposogea karibu. Kama kutoka mbali unaona Z iliyojirudia, nyuzi zako ni nzito.

Sasa 王. Hapa kuna jambo linalowashangaza waliofundishwa mpangilio wa mipigo kwa fimbo. Katika kaishu unaandika mlalo, mlalo, wima, mlalo. Katika xingshu unaandika mlalo, wima, kisha milalo miwili mfululizo. Sababu yake ni kiungo. Ukifuata mpangilio wa kaishu, brashi inapanda juu kuanza wima, inashuka, kisha inakwenda kushoto kwa mlalo wa mwisho: safari mbili ndefu. Ukiandika wima mapema, unaposhuka hadi chini unapinda juu kushoto, unaanza mlalo wa pili, na uzi huo unaacha pembetatu ndogo kushoto kwa mpigo wa wima. Mlalo wa pili unaishia kulia, ncha inarudi chini kushoto kama ulivyofanya kwenye 三, na unamaliza. Pembetatu hiyo isizibe. Ikijaa wino, ulikandamiza kabla hujafika mwanzo wa mlalo.

Mabadiliko ya mpangilio wa namna hii si ya kubuni. 土, 生 na ndani ya 田 hufuata mtindo uleule: wima mapema, milalo mwishoni ishikane. Kama hujui herufi fulani inakwendaje, itafute kwenye kielelezo. Usikisie.

Ya tatu ni 大. Mlalo unaishia kulia, lakini mpigo unaofuata, ule unaotelemka kushoto, unaanzia juu ya mlalo. Kwa hiyo ncha inapanda juu kushoto, kinyume na ulivyozoea kwenye 三. Kisha inatelemka, inaukata mlalo, inafika chini kushoto. Hapo inapinda juu na kurudi kulia kuanza mpigo wa mwisho, ambao kwenye xingshu kwa kawaida haufagii tena kama kwenye kaishu. Unafupishwa na kuwa nukta ndefu. Kuna safari mbili, kwa hiyo kuna nafasi ya nyuzi mbili. Usiziache zote mbili zionekane kwa unene mmoja. Mimi hupenda ya kwanza ionekane na ya pili ibaki hewani, lakini herufi zilizo juu na chini yake ndizo zinazoamua: kama jirani wamejaa nyuzi, 大 iachwe wazi.

Hatua ya nne: kona au mviringo

Kila kiungo kinageuka, na kugeuka ni kwa namna mbili tu. Kwenye kona unasimama, unakandamiza kidogo, unabadilisha mwelekeo. Kwenye mviringo unapita ukiwa umenyanyua, kasi ikipungua bila kusimama. Kadiri unavyotoka kaishu kwenda caoshu, miviringo inaongezeka, na hapo ndipo wengi huteleza: wanafanya kila mgeuko kuwa mviringo, na maandishi yanakuwa tambi. Kwenye Shupu ya Sun Guoting utakuta kona kali katikati ya mstari uliojaa miviringo, na ndizo zinazoipa herufi uti wa mgongo.

Hakuna hesabu ya kugawa kona na miviringo. Ila ukiandika viungo vitatu mfululizo vya mviringo, kimoja kinachofuata kifanye kona, uone tofauti. Mara nyingi herufi itasimama yenyewe.

Jihadhari na jambo moja kwenye Shupu. Kuna mahali mpigo wake unaonekana umevunjika ghafla, unene ukiruka bila sababu. Hapo brashi ilikutana na mkunjo wa karatasi. Wapo wanaouiga mruko ule wakidhani ni mbinu ya siri.

Hatua ya tano: mifupa ya kukariri

Hadi hapa ulikuwa unaunganisha kwa kufuata njia ya mkono. Caoshu yenyewe inadai zaidi: vipande vingi vya herufi vina umbo lake la kudumu, na huwezi kulipata kwa kuharakisha kaishu. Ukiandika kaishu haraka unapata kaishu mbaya.

Vipande vya kushoto ndivyo vya kuanzia, kwa sababu vinajirudia katika mamia ya herufi. Nukta tatu za maji, 氵, huwa nukta moja na mpigo wa kushuka unaoishia kwa kunyanyuka kulia, mara nyingine huo mpigo peke yake. 言 ya kushoto huwa nukta na mpigo wa kushuka unaogeuka na kunyanyuka, na hapo ndipo ilipotoka 讠 ya leo. 亻 na 彳 nazo hupungua hadi kukaribia mpigo mmoja wa wima. Kwa hiyo katika caoshu 氵, 亻 na 彳 huweza kufanana sana, na msomaji huamua kwa kutazama upande wa kulia wa herufi. Wewe mwandishi huna ruhusa ya kuulegeza upande huo wa kulia.

Vipande vya chini: 灬 huwa mstari mmoja, ulionyooka au wenye mawimbi. 辶 huwa mkunjo unaopita chini ya herufi. 門 inayozunguka huwa kofia. Yote hii ni mifupa. Iandike kwa uzito, ncha ikiwa katikati ya mstari, na usiiwahishe.

Mtihani wa kutumia ukiwa na shaka ni kukifunika kiungo kwa kidole. Kama herufi bado inasomeka, kilikuwa uzi: kipunguze, au kiondoe. Kama haisomeki, kilikuwa mfupa, na pengine umekiandika kwa wepesi usiostahili.

Kuunganisha herufi na herufi

Wengi hukimbilia hapa mapema mno. Herufi huandikwa kutoka juu kwenda chini, na inawezekana mwisho wa moja kuvutwa hadi mwanzo wa inayofuata. Lakini katika Shupu, yenye herufi zaidi ya 3,500, nyingi zimesimama peke yake. Mshikamano upo ndani ya kila herufi, na kati ya herufi na herufi unabebwa na mwelekeo tu. Barua za Wang Xizhi zilizokusanywa kwa jina la Shiqi tie nazo ni hivyohivyo kwa sehemu kubwa. Mwanawe Wang Xianzhi ndiye anayesifiwa kwa kuurefusha mfululizo. Zhongqiu tie, inayohesabiwa kuwa yake na iliyopo kwenye Jumba la Makumbusho la Kasri la Kifalme huko Beijing, ina herufi 22 katika mistari mitatu, na humo brashi hupita herufi baada ya herufi bila kukatika. Wataalamu wengi huona kuwa nakala hiyo iliandikwa na Mi Fu.

Ukifika hapa, fanya hivi. Angalia herufi ya juu inaishia wapi. Zinazoishia kwa wima katikati, kama 中 na 年, zinashuka zenyewe. Zinazoishia kwa mfagio, yaani mpigo mpana unaotelemka kulia kama ule wa mwisho wa 大, hazishuki. Mfagio lazima ufupishwe uwe nukta, na ncha ya nukta ivutwe chini kushoto. Kisha angalia ya chini inaanzia wapi. Kama inaanza kwa nukta ya juu katikati, uzi utaingia humo bila shida. Kama inaanza mbali kushoto, uzi utakuwa mrefu na mlegevu, na ni afadhali uache.

Funga herufi mbili, au tatu, kisha kata. Mstari mzima usiokatika unahitaji pumzi ya Zhang Xu na Huaisu wa enzi ya Tang, na hata wao hukata. Na kwa kuwa nimemtaja Huaisu: maandishi yake ya mwaka 777 yanayosimulia maisha yake, Zixu tie, yana herufi 702 na ni ya kustaajabisha, lakini ni kielelezo kibaya kwa anayejifunza kiungo. Mistari yake ni myembamba na ya mviringo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mpigo na uzi hukaribiana unene. Yeye anaweza. Ukianza naye hutajua kamwe ni kipi unachokiiga.

Kasi na wino

Caoshu haiandikwi kwa kasi moja. Unapokandamiza unapunguza, unaponyanyua unaongeza, kwenye kona unasimama. Mtazamaji huona haraka kwa sababu hakuna mapumziko kati ya mpigo na mpigo, basi. Ukitaka kujua kama unakimbia ovyo, andika mstari uleule kwa nusu ya kasi. Kama viungo vinapotea, ulikuwa unavipata kwa bahati.

Chovya brashi, kamua ukingoni mwa jiwe la wino hadi isidondoke, andika hadi iishe ndipo uchovye tena. Usichovye kila baada ya herufi. Brashi ikiwa imejaa, uzi unavimba. Ikiwa katikati, uzi unatoka safi. Ikikaribia kukauka, mpigo unaacha michirizi myeupe inayopendeza, lakini uzi unaweza kukatika. Uache ukatike. Kuurudia kwa ncha mara ya pili kunaonekana kwa yeyote.

Namna ya kunakili

Kielelezo bora cha kujifunzia viungo ni Maneno Elfu, matini ya kale ya herufi elfu, kwa mkono wa mtawa Zhiyong, kizazi cha saba cha ukoo wa Wang Xizhi. Ameandika kila herufi mara mbili, kaishu na caoshu sambamba. Inasemekana aliandika nakala 800 na kuzigawa kwenye mahekalu ya mashariki ya Zhejiang. Moja ya wino ipo Japani, na toleo lililochongwa kwenye jiwe mwaka 1109 lipo Xi'an.

Toa fotokopi ya ukurasa mmoja. Chukua kalamu mbili za rangi. Kwa kila herufi, tazama kaishu iliyo pembeni, uipake rangi nyekundu kila sehemu ya caoshu ambayo haina mpigo unaolingana nayo kwenye kaishu, na buluu kila sehemu ambayo imemeza mipigo miwili au zaidi. Nyekundu ni nyuzi, buluu ni mifupa. Utashangaa nyekundu zilivyo chache. Ndipo uiandike herufi hiyo mara tatu mfululizo: kaishu, kisha xingshu, kisha caoshu, ukifuata njia ileile ya hewani. Herufi tano kwa siku zinatosha.

Ukihamia kwenye Shiqi tie, kumbuka kuwa tunaijua kwa chapa za mawe, maandishi meupe juu ya weusi. Mchongaji hawezi kuuchonga uzi mwembamba kama unywele, na jiwe likichakaa unapotea kabisa. Kwa hiyo soma mifupa kwenye chapa, na nyuzi uzisome kwenye maandishi ya wino. Shupu ni ya wino, ipo kwenye Jumba la Makumbusho la Kasri la Taifa huko Taipei, na picha zake kubwa zinapatikana mtandaoni. Zikuze hadi uone mahali ncha ilipoingia na ilipotoka.

Ukiona hivi, fanya hivi

Viungo vinene kuliko mipigo: rudi kwenye zoezi la mstari mzito na mwepesi, na uandike ukurasa mzima bila uzi hata mmoja. Viungo vyembamba lakini vimelegea, vinaelea kama vimeongezwa baadaye: tatizo liko mwisho wa mpigo, hukuanza kuelekea unakokwenda kabla ya kunyanyua. Vifundo vya wino kila mahali brashi inapogeuka: unasimama ukiwa bado umekandamiza, nyanyua kwanza. Herufi inapendeza lakini mwenzako anayejua caoshu haitambui: umebuni mfupa, fungua kamusi ya caoshu. Yu Youren alichapisha mwaka 1936 mkusanyo wa maumbo sanifu ya caoshu kwa ajili ya tatizo hilihili, na bado ni wa kutegemewa.

Na kama ukurasa wote una uzi wa urefu mmoja, unene mmoja, kila baada ya mpigo, chukua kalamu nyekundu na ufute nusu yake. Anza na zile zinazounganisha nukta.